Baiskeli ya Kwanza ya Resi: Uiboreshe, Uibadilishe au Uiache Ilivyo?

Msimu wa korosho ukiingia na malipo ya minada ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, yakianza kuwafikia wakulima, hela huzunguka Mtwara na Lindi kwa namna ambayo mwezi wa tano hauijui. Mabati yanapanda juu ya nyumba, pikipiki zinatoka dukani nailoni ikiwa bado kwenye siti, na sisi wachache tunaoendesha baiskeli za resi tunaanza kuulizana swali lilelile: niiongezee hii niliyonayo vifaa vizuri, au niiuze nichukue nyingine?

Nazungumzia baiskeli ya anayeanza. Fremu ya alumini, uzito wa kilo 10 au 11, gia 7 au 8 nyuma za ngazi za chini za Shimano, yaani Tourney au Claris, breki za kubana rimu, matairi membamba ya milimita 25. Njia ziko tatu: kuitunza ilivyo, kuibadilisha vipande, au kuiuza na kuchukua nzima nyingine. Niseme msimamo wangu mapema ili asiye na muda aende zake. Kwa pwani yetu ya Kusini, tia hela kwenye matairi, siti na breki. Usitie hela kwenye gia. Ukitamani gia bora, nunua baiskeli iliyokuja nazo.

Sababu ni duka kuliko mwendo. Watu wa nje hulinganisha vifaa kwa sekunde na gramu kwa sababu kipuri kiko mtaa wa pili. Hapa kipuri kiko Dar es Salaam, karibu kilomita 560, au nje ya nchi kabisa. Mei 2024, baada ya mvua za kimbunga Hidaya, barabara ya Kusini ilikatika upande wa Kilwa na mizigo ikakaa. Swali la kwanza kwa kila kifaa kipya ni hili: kikiharibika, nitakipata wapi?

Fremu inakutosha?

Hili halina mjadala mrefu. Simama juu ya baiskeli, nyayo zote chini, mlingoti wa juu ukiwa katikati ya mapaja. Ukikubana, fremu ni kubwa kwako. Kisha simama peku umeegemea ukuta, bana kitabu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 82 atapata kama 72.4, na huo ndio urefu wa kuanzia kutoka katikati ya ekseli ya kati, ile inayoshika mikono ya pedeli, hadi juu ya siti. Ni pa kuanzia tu. Goti na kiuno vitakuambia upandishe au ushushe kidogo.

Ukishaweka siti hapo na bado unajinyoosha kuufikia usukani, badilisha shingo ya usukani, uweke fupi kwa sentimita 1 au 2. Ni kifaa cha bei ndogo na huondoa maumivu ya mabega ambayo watu huyatafutia dawa ya kuchua. Lakini kama fremu imekuzidi saizi mbili, jambo ambalo kwenye mtumba ni la kawaida kwa kuwa mtu hununua iliyopo, acha kusoma sehemu zinazofuata. Uza. Hakuna kifaa kinachofupisha fremu.

Matairi: hapa ndipo hela inapoonekana

Linganisha mambo mawili. Upande mmoja, seti nzima ya gia mpya. Upande wa pili, jozi ya matairi mazuri na tyubu zake, kwa hela ambayo ni sehemu ndogo tu ya hiyo ya kwanza. Ukipanda baiskeli baada ya kubadilisha gia, utasikia mlio tofauti na vidole vitafurahi. Ukipanda baada ya kubadilisha matairi, utahisi barabara imelainika. Vipimo vya maabara vinaonyesha kuwa tofauti kati ya tairi gumu la bei rahisi na tairi jepesi, laini, la resi inaweza kufika wati 20 kwa jozi ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Mwendeshaji wa kawaida hutoa kama wati 150. Ni nguvu unayoilipia kila siku bila kuiona.

Upana nao uangalie. Kwa miaka mingi tuliambiwa tairi jembamba lililojazwa mpaka liwe gumu ndilo lenye kasi. Kwenye lami iliyochakaa, tairi la namna hiyo hurukaruka, na kila mruko unakula nguvu. Mimi ningechukua milimita 28 badala ya 25 kwa mtu yeyote wa Mtwara, fremu ikiruhusu. Pima nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu, kati ya tairi na uma wa mbele, na chini ya breki. Uwe na milimita 4 hivi kila upande kabla hujaongeza upana. Baiskeli nyingi za breki za rimu zinaishia 25 au 28, kwa hiyo usinunue 32 kwa matumaini. Mwenye kilo 70 aanze na upepo wa psi 75 nyuma na 70 mbele kwa matairi ya 28, kisha arekebishe.

Sasa shida ya kwetu. Nenda dukani ukaombe tairi la baiskeli kubwa, utapewa la Phoenix, 28 × 1½. Muuzaji ataapa ni lilelile kwa kuwa na lako limeandikwa 28. Silo. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: la resi lina 622 mwishoni, kwa mfano 28-622, namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. La Phoenix ni 635. Hizo milimita 13 zinatosha kulifanya tairi likae kwenye rimu yako kama mtoto aliyevaa viatu vya babake. Kuna na 630, ya baiskeli za zamani za inchi 27, nyingi zikija kwa mtumba wa Japani. Namba tatu zinazokaribiana, na hakuna moja inayovaa rimu ya mwenzake. Tairi la baiskeli ya milimani ya inchi 29 lina 622 kweli, lakini ni pana mno, halitapita kwenye uma wako.

Valvu nayo ina mambo yake. Tyubu za Phoenix zina valvu ya zamani ya Dunlop, pikipiki na magari yana Schrader, na resi nyingi zina Presta, ile nyembamba yenye kijiskrubu kichwani. Tundu la rimu ya Presta lina milimita 6.5, la Schrader 8.5. Tyubu ya sokoni haipiti, na fundi atakushauri kwa nia njema kabisa kupanua tundu kwa drili. Kataa kwa adabu, maana rimu nyembamba ya resi ikitobolewa zaidi inadhoofika pale pale. Mashine ya upepo ya vijana wa bodaboda haitashika Presta bila kichwa cha kuunganishia, kitu kidogo cha shaba unachoweza kukiacha kimefungwa kwenye valvu moja, siku zote. Hata ukiwa nacho, mashine hiyo imezoea pikipiki zinazotaka psi 30 hivi. Pampu ya kusimama yenye geji, ya kukaa nyumbani, ni ununuzi bora kuliko kifaa chochote cha kung'aa utakachoonyeshwa. Na beba tyubu mbili. Ukimfuata fundi njiani ukimwamkia shikamoo, ataitikia marahaba kisha swali lake la kwanza litakuwa, "Mwanangu, tyubu yake umekuja nayo?"

Gia 8 dhidi ya 11 au 12

Hapa ndipo wengi wanapotaka kupeleka hela, na hapa ndipo ninapobisha zaidi.

Kwa miaka mingi Shimano imepanga vifaa vya resi kwa ngazi: Tourney, Claris yenye gia 8, Sora 9, Tiagra 10, kisha 105 ambayo kwa muda ilikuwa 11 na sasa ina ya 12. Kila ngazi juu, gia zinahama kwa ulaini zaidi na hatua kati ya jino na jino inapungua, mguu hausikii kuruka. Hiyo ni faida ya kweli. Anayebisha hajapanda.

Ila hebu tuone unachokihama. Mnyororo wa gia 8 una upana uleule unaotumika kwenye baiskeli za gia 6 na 7, zile za milimani za bei rahisi ambazo vijana wanazo kila mtaa. Maana yake, mnyororo wako ukikatika Lindi siku ya Jumamosi, una tumaini. Mnyororo wa Phoenix hauingii, ni mpana, umetengenezwa kwa jino moja. Lakini wa gia 6 au 7 utakurudisha nyumbani, na ukiwa mzuri utakaa miezi. Mnyororo wa gia 11 au 12 ni mwembamba, una pini yake au kiungo chake maalumu, na utaufuata Kariakoo au mbali zaidi. Kadiri gia zinavyoongezeka nyuma, ndivyo duka linavyosogea mbali.

Halafu gia hazibadilishwi peke yake. Ukitaka kutoka 8 kwenda 11, unabadilisha vishikio vya usukani, vihamisha mnyororo vya mbele na nyuma, kaseti (seti ya meno ya nyuma), mnyororo, na mara nyingi gurudumu la nyuma pia. Habu, yaani vitovu vya gurudumu, za Shimano za gia 8, 9 na 10 zinapokea kaseti za kila mmoja wao, lakini kaseti ya resi ya gia 11 inataka habu ndefu zaidi kwa milimita 1.85. Wenye gia 7 wana tatizo kubwa zaidi, kwa sababu baiskeli nyingi za ngazi hiyo hazina kaseti kabisa; zina friwili inayofungwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi za habu, na ekseli yake imebaki sehemu ndefu bila beringi chini yake, ndiyo maana hupinda. Hapo hakuna cha kuboresha. Utajikuta umenunua kila kitu isipokuwa fremu, na vipande vikinunuliwa kimoja kimoja hugharimu kuliko baiskeli nzima iliyotoka kiwandani navyo.

Tuseme baiskeli yako ukiiuza leo inafika laki sita. Ukiifunga gia za laki nane, haitauzwa milioni na laki nne. Mnunuzi wa hapa ataitazama, ataibonyeza matairi, atakupa laki saba na nusu na kukuomba umshushie. Mpaka wangu binafsi ni theluthi ya thamani ya baiskeli: vifaa vya maboresho vikizidi hapo, nasimama na kuanza kuangalia baiskeli nyingine. Na vile unavyovitoa usivitupe. Siku ya kuuza unavirudisha, na vizuri unabaki navyo.

Kuna badiliko moja la gia ninaloliunga mkono, nalo ni dogo. Kama unapanda Uwanda wa Makonde na kaseti yako jino kubwa ni 28, weka yenye 32, ya gia 8 zilezile, mradi kihamisha mnyororo cha nyuma kiwe cha mkono mrefu. Mbele ukiwa na meno 34, gia yako ya mwisho inakuwa nyepesi kwa asilimia 12.5. Kwenye kilima kirefu hiyo ndiyo tofauti ya kupanda umeketi na kupanda umesimama ukihema.

Kabla hata ya hapo, pima mnyororo uliopo. Chukua rula ya inchi. Kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili kwa mnyororo mpya. Ukikuta umezidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha mnyororo peke yake. Ukikuta umezidi kwa 1/8, umeshachelewa, kaseti nayo imelika na mnyororo mpya utaruka juu yake. Watu wengi wanaosema "gia zangu hazifai, nataka za juu" wana mnyororo wa aina hii, na waya wa gia ulioota kutu ndani ya ala yake. Mnyororo, waya na ala mpya, saa moja ya fundi mwenye subira, na Claris inarudi kuwa Claris.

Uzito na upepo

Tufanye hesabu. Wewe kilo 70, baiskeli 10, jumla 80. Ukipunguza kilo nzima kwa vifaa vyepesi, umepunguza asilimia 1.25. Kwenye mlima mkali wa dakika 10, umeokoa kama sekunde 7 na nusu. Kwenye tambarare hutaona kitu. Hata kwenye mashindano makubwa chama cha dunia, UCI, kimeweka kikomo cha chini cha kilo 6.8, na wanaokimbizana na gramu hizo wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Upepo ndio adui wetu. Ukifika mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu yako inakwenda kusukuma hewa, na kinachoizuia hewa zaidi ni mwili wako, baiskeli inachangia kidogo. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi kusi inavuma. Ukienda Mikindani asubuhi unaona umekuwa bingwa, ukigeuza kurudi mjini inakukabili na unajua ulikuwa unabebwa. Kifaa kinachosaidia hapo ni usukani ulioshuka vizuri, viwiko vilivyokunjwa, na siti inayokuruhusu kukaa hivyo kwa saa nzima bila ganzi. Ndiyo maana nimeitaja siti mwanzoni pamoja na matairi. Usichague laini kupita kiasi. Sponji nene hubonyea, mfupa unazama, nyama inabanwa. Tafuta upana unaolingana na mifupa yako ya kukalia, na ukiweza ijaribu ya mwenzako kwa safari moja kabla ya kununua.

Shati linalobana mwili nalo ni bure ukilinganisha na magurudumu ya kaboni. Watu watacheka mitaa ya Chikongola, Mtwara mjini. Wacha wacheke.

Breki, magurudumu, chumvi

Breki za rimu zinatosha kwa kila barabara ya lami tuliyonayo. Badilisha vipande vya mpira tu, uchukue vile vinavyoingizwa kwenye kishikio cha chuma, na uvichunguze kila wiki: mchanga wa pwani unazama ndani ya mpira na kuikwangua rimu kama msasa. Rimu nyingi zina kijishimo au mstari unaoonyesha kiwango cha kulika. Kikipotea, rimu imekwisha, na hakuna mjadala, maana rimu iliyolika hupasuka.

Breki za diski zina nguvu zaidi na haziichakazi rimu, lakini huwezi kuzifunga kwenye fremu isiyo na mahali pake. Ukiwaza kununua baiskeli nyingine yenye diski, uliza ni za waya au za mafuta. Za waya fundi wetu yeyote atazielewa. Za mafuta, Shimano hutumia mafuta ya madini, na breki za resi za kampuni nyingine, SRAM, hutumia DOT, mafuta ya breki yaliyo kwenye kila duka la vipuri vya pikipiki. Ukitia DOT ndani ya Shimano unaua mipira yake ya ndani. Hili liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kwenye fremu kabla hujaiacha kwa fundi.

Magurudumu mepesi yenye spoki 20 yanapendeza kwenye picha. Spoki moja ikikatika kati ya Mikindani na Mnazi Mmoja ya Lindi, gurudumu la namna hiyo hupinda mpaka liguse breki, unasukuma. Lenye spoki 32 hupinda kidogo, unalegeza breki, unafika. Na mafundi wa hapa wanajua kunyoosha gurudumu la spoki nyingi kwa macho tu. Ni ujuzi ambao Phoenix imewafundisha. Magurudumu yako yakiwa na spoki nyingi na hayajalika, yaache.

Kuhusu chumvi, alumini haioti kutu kama chuma, lakini bolti, spoki, waya na mnyororo vinaota, na nguzo ya siti ya alumini inaweza kugandiana na fremu mpaka isitoke tena. Grisi kwenye nguzo, grisi kwenye nyuzi za bolti, kitambaa kikavu kwenye mnyororo kila unaporudi. Usipake oili chafu ya injini unayopewa bure gereji. Inashika mchanga, na mchanga ukichanganyika nayo unakuwa dawa ya kusagia meno ya kaseti.

Kuuza na kuchukua nyingine

Njia hii inashinda pale ambapo unataka mambo mawili au zaidi kwa pamoja: gia bora, diski, na nafasi ya matairi mapana. Kila kimoja peke yake kinaweza kusubiri, vikikutana ni bei ya baiskeli. Mpya ya ngazi ya kati inakuja na kila kitu kinacholingana, na hiyo ni faida ambayo mtu wa vipande haipati, kwa kuwa kila kipande alichonunua alikuwa anabahatisha kama kitakubaliana na kingine.

Mtumba ndio njia ya wengi wetu. Baiskeli ya Tiagra au 105 ya zamani, iliyotunzwa, kwa hela ileile ambayo ungefunga gia mpya kwenye ya kwako. Ila chunguza. Tazama mahali milingoti inapokutana chini ya usukani, mwanga wa jua ukipiga kwa pembeni. Rangi iliyopasuka mstari mwembamba pale ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo. Uliza nguzo ya siti itolewe mbele yako. Ikikataa kutoka, bei ishuke sana au uondoke. Soma 622 kwenye rimu. Zungusha gurudumu ukishika fremu, usikilize beringi. Fremu ya kaboni ya mtumba mimi siinunui, hasa isiyojulikana ilikoanguka: alumini ikibonyea unaona, kaboni inaweza kuwa nzima nje na kuvunjika ndani.

Nani achukue njia ipi

Anayekaa Shangani au Ligula, Mtwara mjini, anayekwenda Mikindani na kurudi, kama kilomita 10 kila upande, jioni na mwisho wa wiki: itunze ilivyo, weka matairi ya 28 haya ya sasa yakichakaa, na ubadilishe siti ikikuumiza. Baiskeli ya Claris haijakuzuia kitu.

Anayepanga kwenda Lindi, zaidi ya kilomita 100, ana hesabu nyingine. Kwake ningeongeza taa ya nyuma yenye nguvu, na kioo kidogo cha usukani. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanashuka kuelekea bandari ya Mtwara kupitia barabara hiyohiyo, na msimu wa korosho yanaongezeka ya mizigo. Utashuka kwenye kokoto za kando mara nyingi, na hapo tairi la 28 linalipa gharama yake yote kwa siku moja. Chupa mbili za maji. Kama unafanya safari hiyo mara kwa mara na mwili umeshazoea, kuuza na kuchukua nyingine yenye nafasi ya 32 ni uamuzi wa busara, na wala sitakuambia ni anasa.

Wa Newala na Tandahimba aanze na kaseti ya 32. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kilomita 210, imekuwa ikiwekwa lami kwa vipande, kwa hiyo ulizia hali yake kwa madereva kabla hujachagua matairi.

Na anayetaka kwenda Msimbati, au kuvuka Msangamkuu kwa pantoni na kuendelea mbele, asiiboreshe resi kwa sababu hiyo. Mchanga ule unataka baiskeli nyingine kabisa.

Ukiagiza

Ukishaamua, kabla hujampigia mtu wa Kariakoo akuwekee mzigo kwenye basi, andika haya kwenye ujumbe mmoja: namba ya tairi mpaka 622, aina ya valvu na urefu wake kulingana na kina cha rimu, idadi ya gia nyuma, na kama ni friwili au kaseti. Nguzo ya siti ina kipenyo kilichochongwa juu yake, mara nyingi 27.2 kwa fremu za resi, inakili. Kwa shingo ya usukani pima kipenyo cha pale inapobana usukani, 31.8, 26.0 au 25.4, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Ambatisha picha ya kifaa cha zamani rula ikiwa pembeni, na umwombe naye akupigie picha ya alichonacho rula ikiwa pembeni, kabla hujatuma hela.